Bi Sikudhani Akivuka, Saruji Imevuka

Nchi yetu ya Tulivuni haina matatizo. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu mimi ni mpiga picha wa Wizara ya Uchumi Unaokua, nina watoto wanaosoma, na sipendi kueleweka vibaya. Haya nitakayosimulia si tatizo. Ni mafanikio, ila yalimwangukia mtu mmoja peke yake.

Yalianzia kwenye dhifa ya Ikulu. Rais wetu alikuwa amewaalika wakopeshaji kutoka nje, na mmoja wao, mzee mfupi asiyejua adabu za mezani, akauliza huku akimenya ndizi:

"Hizi kampuni zilizo kwenye soko lenu la hisa, ni za nani?"

Rais akamtazama Waziri wetu. Waziri wetu ni Mheshimiwa Daktari Lwitiko Pandambili. Udaktari alitunukiwa na chuo ambacho yeye alikuwa amekitunuku kiwanja. Akafuta mdomo, akasimama.

"Ni za wananchi!"

"Wananchi gani?"

"Wa kawaida!"

"Kiasi gani?"

Kwa bahati njema bendi ilianza kupiga. Lakini mzee yule alisubiri wimbo uishe, akauliza tena. Ndipo Rais alipotamka mbele ya wageni kwamba jambo hilo litapimwa, na atakayepima apime kweli, kwa sababu Tulivuni haina cha kuficha. Nilimpiga Waziri picha wakati huo huo. Haikutoka vizuri.

Kazi ya kupima akapewa Daktari Nyangasa, mtakwimu mkuu wa serikali, ambaye udaktari wake ni wa kusomea, na kwa hiyo hakuwa akialikwa popote. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayesema taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Akamweleza Waziri utaratibu.

"Tutakuwa na makapu matatu, Mheshimiwa. La serikali, la wageni, la wananchi. Kila hisa itaingia kapu moja. Hatutazami rangi wala kabila. Anayeishi ndani ya nchi ni mwananchi, anayeishi nje ni mgeni."

"Na anayeishi kotekote?"

"Huyo hatuna kapu lake."

"Basi msimtafute," akasema Waziri, na sote tukaona ni ushauri wa busara.

Tume yake ikaingia kazini, nami nikiifuata na kamera. Tuligundua kwamba kampuni zetu zina udugu mkubwa. Kampuni ya saruji ilikuwa ya Kampuni ya Tumaini. Tumaini ilikuwa ya Kampuni ya Tumaini Jema. Na Tumaini Jema ilikuwa ya kampuni nyingine, ambayo ofisi yake tulipoifuata ilikuwa ni duka la maua ya plastiki, na muuzaji akatuuliza tunataka ya msiba au ya harusi. Ilikuwa vivyo hivyo kwa benki, kwa bia na kwa simu. Lakini Nyangasa hachoki. Kila njia aliyoifuata mpaka mwisho ilimfikisha kwa jina moja, la mwanamke asiyejulikana katika dhifa yoyote.

"Sikudhani Mkwizu," akamwambia Waziri. "Soko zima la hisa, asilimia arobaini na moja ni lake. Saruji peke yake anamiliki zaidi ya nusu."

"Ndiye nani huyo?"

"Ni mwalimu wa udereva, Mheshimiwa."

Waziri akakohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

"Anaishi ndani ya nchi?"

"Anaishi hapa hapa mjini."

"Basi ni mwananchi! Na akifundisha udereva, ni wa kawaida! Nyangasa, umepima vizuri sana. Twende tukampongeze kabla hajapongezwa na mtu mwingine."

Tulimkuta kwenye uwanja wa mazoezi, ndani ya gari dogo lenye bango la njano juu, kijana mmoja wa chuo akihangaika kuegesha kati ya mapipa mawili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye sauti ya watu waliozoea kupiga kelele juu ya injini. Msafara wa magari kumi meusi ulipoingia uwanjani, hakushtuka. Alitoa kichwa dirishani.

"Nyie! Mbona mmeingilia njia ya kutokea?"

Kisha akamtambua Waziri, akashuka, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Umerudi kumalizia masomo?"

Maana Waziri alipata kuwa mwanafunzi wake, zamani kabla hajapewa dereva. Alifaulu kila kitu isipokuwa kurudi nyuma. Alikataa kugeuza shingo, akisema kiongozi hutazama mbele. Hata hivyo leseni aliipata.

"Mwalimu," akasema Waziri, "nimekuletea habari njema. Wewe ni tajiri. Yaani, si tajiri. Unamiliki tu."

"Namiliki nini?"

Nyangasa akamsomea. Saruji, benki, bia, simu. Yule kijana wa chuo akazima gari.

"Hisa?" akasema Bi Sikudhani. "Baba, mimi nina hisa za kikundi chetu cha akina mama tu, tunakopeshana mitaji ya vitumbua. Hizo nyingine nimezinunua lini?" Akafikiri. Nikaona uso wake ukibadilika. "Mheshimiwa, ile nakala ya kitambulisho changu uliyoniomba, ukasema ni kwa ajili ya leseni yako..."

"Ulikuwa mzalendo tangu siku ile," akasema Waziri upesi, akamkumbatia, akanifanyia ishara nipige picha.

Picha ile ikawekwa kwenye mabango nchi nzima: MWANANCHI WA KAWAIDA NDIYE MWENYE NCHI. Rais akawapelekea wakopeshaji jibu, na wakopeshaji wakakopesha. Watu waliokuwa wakinong'ona kwamba mali zote ni za wakubwa walinyamaza kwa aibu. Mimi mwenyewe nililia kidogo.

Ubaya ni kwamba Bi Sikudhani aliuliza maswali. La kwanza lilikuwa kuhusu gawio.

"Kama kampuni ni zangu, faida yangu iko wapi?"

"Iko salama," akasema Waziri. "Iko pale inapokaa siku zote."

"Naweza kuitumia?"

"Mwalimu, tumia akili. Ukiitumia utatajirika. Ukitajirika hutakuwa wa kawaida. Na usipokuwa wa kawaida, Rais wetu atakuwa amewadanganya wageni. Unataka Rais awe mwongo kwa sababu ya tamaa yako?"

Bi Sikudhani alisema hataki.

"Basi nizitoe. Mwandikieni mtu mwingine."

"Nani?" akauliza Waziri, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Kila ninayemfikiria ana jina linalojulikana."

La pili halikuwa swali, na ndilo lililoharibu kila kitu. Alisema kwamba hayo yote kwake ni sawa, yeye hana haja, ila tu wamwachie nafasi mwezi ujao kwa sababu anaolewa. Mchumba wake alikuwa Hemedi Kilindo, fundi wa majokofu, anayeishi nchi jirani ya Ng'ambo, upande wa pili wa daraja. Walikutana Hemedi alipokuja kujifunza kuendesha lori. Wakiisha kuoana, Bi Sikudhani angehamia kwake. Alikuwa amekwisha gawa hata kuku wake kwa majirani.

Nyangasa aliyekuwa akiandika akaacha kuandika.

"Utahamia? Kuishi kabisa?"

"Mke ataishi wapi, baba?"

Nyangasa akamgeukia Waziri, akasema kwa ile sauti yake ya polepole: "Mheshimiwa, akiishi nje anaingia kapu la wageni. Bi Sikudhani akivuka daraja, saruji imevuka. Benki imevuka. Bia imevuka. Kesho yake tutatangaza kwamba karibu nusu ya soko letu ni la Ng'ambo."

Nasikia Rais alipoambiwa hivyo aliweka kijiko chini.

Jioni ile pasipoti ya Bi Sikudhani ilichukuliwa kwa ukarabati. Yeye mwenyewe akahamishiwa kwenye nyumba ya serikali, kwa ajili ya usalama wake, kwa kuwa mwenye mali ana maadui. Nyumba ilikuwa nzuri, yenye ukuta mrefu na walinzi waliokuwa wakimpigia saluti kila alipojaribu kutoka, kisha wakifunga geti. Gari lake dogo liliegeshwa uani, likafunikwa turubai. Kila Jumamosi nilikuja na watu wa televisheni kumpiga picha akila ugali na dagaa, ili taifa lijue bado ni wa kawaida. Siku moja alipika pilau. Tulimsubiri mpaka akapika ugali.

"Mwanangu," aliniambia siku ile, "wewe una mama?"

"Ninaye, mama."

"Akitaka kwenda sokoni, anaomba ruhusa kwa nani?"

Nikamwambia mama yangu hamiliki kitu. Akacheka, lakini si kwa furaha.

Simu aliruhusiwa, mradi aweke kipaza sauti ili walinzi nao wasikie. Basi mapenzi yao tukawa tunayajua wote.

"Umekula?" Hemedi angeuliza kutoka Ng'ambo.

"Nimekula dagaa."

"Tena?"

"Ndiyo mwananchi wa kawaida, Hemedi."

"Mimi huku nimepaka nyumba rangi. Nimeshindwa kuchagua pazia, nakusubiri wewe. Sikiliza, kwani huwezi kuwaambia wachukue tu saruji yao?"

"Nimewaambia. Wanasema si yao, ni yangu."

Hapo mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, angetazama ukutani.

Ikafika siku ya mkutano mkuu wa wanahisa wa kampuni ya saruji. Mwenyekiti wa kampuni hiyo, kwa bahati tu, alikuwa Waziri wetu, na kipindi chake kilikuwa kinaongezwa. Iliamuliwa kwamba Bi Sikudhani aletwe ukumbini ili waandishi wa habari wamwone, avae kitenge, akae mstari wa mbele, apige makofi. Akaomba aje na gari lake mwenyewe, akiliendesha mwenyewe, kama mwananchi wa kawaida afanyavyo. Waziri aliona itapendeza sana kwenye picha.

Ukumbini Waziri alihutubu muda mrefu, akilinganisha saruji na umoja wa kitaifa, kwamba vyote viwili hukauka vikiachwa nje. Kisha kura.

"Wanaokubali Mheshimiwa aendelee kuwa mwenyekiti?"

Ukumbi mzima ukanyoosha mikono, hata wahudumu wa soda.

"Wanaokataa?"

Mkono mmoja ukainuka mstari wa mbele. Watu wakacheka. Waziri naye akacheka kwa ukarimu. Nyangasa, aliyekuwa msimamizi wa kura, hakucheka. Alisimama, akafungua kitabu cha sheria, akakifunga.

"Mheshimiwa, kura za hapa hazihesabiwi kwa mikono. Zinahesabiwa kwa hisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umeanguka."

Bi Sikudhani akasimama. Nakumbuka alishika kiti.

"Nina hoja nyingine," akasema. "Napendekeza mwenye kampuni aende zake anakotaka, leo hii, na asizuiwe na mtu. Wanaokubali?"

Akanyoosha mkono wake mwenyewe. Nyangasa akasema hoja imepita. Bi Sikudhani akaokota mkoba, akatoka kwa mlango mkubwa. Walinzi, ambao hawakuwahi kuona amri iliyopigiwa kura, walipiga saluti na kumpisha. Tukasikia gari dogo likiwaka.

Wapo watu wabaya wanaosema Bunge letu hulala. Siku hiyo lilikuwa macho. Waziri alikwenda huko moja kwa moja kutoka ukumbini, na kabla chai ya wabunge haijapoa sheria ilikuwa imesomwa mara zote zinazotakiwa. Ilieleza kwamba mali kubwa kiasi hicho ni hatari kuachwa mikononi mwa mtu, kwa kuwa mtu ana hisia. Kwa hiyo kuanzia saa hiyo, Sikudhani Mkwizu si mtu tena. Ni taasisi. Jina lake ni Taasisi ya Mwananchi wa Kawaida, itakaa kwenye kapu lile lile la wananchi, na itasema kupitia bodi yake. Mwenyekiti wa bodi akateuliwa: Mheshimiwa Daktari Lwitiko Pandambili.

Mimi na Nyangasa tulitumwa kumfuata. Tulipoanza kuuona mto, Nyangasa alinigeukia.

"Nilimuuliza Waziri mwenye mali hasa ni nani," akasema.

"Akajibuje?"

"Akasema, ulitumwa kupima, hukutumwa kujua."

Tulimkuta darajani, gari limesimama mbele ya kizuizi, injini inanguruma. Upande wa pili Hemedi alikuwa amekwisha fika. Alikuwa mtu mnene mwenye shati jipya, akipunga mikono miwili. Ofisa wa mpaka alikuwa amesikiliza redio.

"Samahani sana, mama," alikuwa akisema. "Hapa wanavuka watu na mizigo. Taasisi haivuki bila kibali cha bodi."

"Taasisi gani?"

"Wewe, mama."

Bi Sikudhani akatugeukia. Nyangasa akamweleza yote, macho yake chini kwenye lami. Bi Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, bado ameshika usukani.

"Yaani mimi si mtu?"

"Kisheria, si mtu."

"Na ulipokuwa unanipima, Daktari, hukuona kama ni mtu?"

Injini ikazimwa.

Wageni wanakaribishwa Tulivuni, kwa hiyo Hemedi aliruhusiwa kuvuka kuja kwetu. Alikuja mbio. Hakumlaumu mtu. Alisema kama mke hawezi kwenda, harusi itakuja, na mahari alikuwa nayo mfukoni. Tukaenda wote kwa kadhi wa mji ule wa mpakani, mzee mtaratibu, aliyetukaribisha kahawa. Alimsikiliza Hemedi, akamsikiliza Bi Sikudhani, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Wanangu, mimi nimeajiriwa kuoza mwanamume na mwanamke. Nimesikia redioni. Nikiandika leo kwamba nimemwoza huyu bwana na taasisi, kesho watakuja kunitaka nimwoze na benki."

"Shehe, mimi mwanamke," akasema Bi Sikudhani. "Nitazame."

"Nakuona, binti yangu. Wallahi nakuona. Lakini cheti kinaandikwa na serikali, na serikali haikuoni."

Bi Sikudhani alilia pale pale kwenye mkeka. Hemedi alitaka kumshika bega, akakumbuka bado hawajaoana, akarudisha mkono. Sikupiga picha, ingawa mwanga ulikuwa mzuri.

Walimrudisha kwenye nyumba yenye ukuta. Turubai likarudi juu ya gari, na matairi yakatolewa kwa ajili ya ukaguzi. Simu ikasimamishwa, kwa kuwa taasisi huandikiwa barua. Jumamosi zilizofuata alikaa mbele ya sahani bila kugusa, na sisi tukawa tunapiga picha za mikono tu, za mlinzi aliyevishwa bangili. Nchini mambo yalikwenda vizuri. Wakopeshaji walituma salamu. Waziri alizunguka mikoani akieleza jinsi mwananchi wa kawaida alivyopandishwa cheo.

Lakini taasisi ina masharti yake. Ikishaundwa lazima iwe na watumishi. Waziri alimpa shemeji yake uhasibu na mpwa wake ukurugenzi. Ikabaki nafasi ya mpishi, ambayo ndugu zake waliiona ya chini, ikatangazwa redioni. Redio yetu husikika mpaka Ng'ambo.

Siku ya usaili nilikuwepo kupiga picha za uwazi. Aliingia mtu mnene mwenye shati lile lile. Waziri hakumtambua; hajawahi kumwona, na hatazami watu sana.

"Unajua kupika?"

"Ninajua kugandisha, Mheshimiwa."

"Umetoka wapi?"

"Ng'ambo."

Waziri akawageukia wajumbe wa bodi kwa furaha. "Mtaalamu kutoka nje!" Akapata kazi bila swali jingine. Mkataba ulisema hatatoka nje ya ukuta bila ruhusa, pasipoti yake itatunzwa na bodi, na ni marufuku mtumishi kuoana na mwajiri. Mimi na Nyangasa tulikuwa tumekaa nyuma. Nyangasa alinitazama, mimi nikatazama kamera. Hemedi alisoma kila mstari, akapiga sahihi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Bi Sikudhani alikuwa amekula. Sahani ilikuwa tupu, na ugali, kwa jinsi nilivyouona sufuriani, ulikuwa umeungua chini na mbichi juu. Watu wa televisheni walipokuwa wakikunja nyaya nilipita nje ya dirisha la jikoni kutafuta maji ya kunywa. Yule mlinzi mzee alikuwa mlangoni. Aliponiona aligeuka, akaupa mlango mgongo, akaanza kutazama mawingu kwa makini sana.

Ndani, mpishi aliweka mwiko chini.

"Sikudhani," akaita, si kwa sauti.

Kisheria hapakuwa na mtu wa jina hilo ndani ya nyumba ile, wala nchini. Lakini nilisikia kwa masikio yangu mtu akiitika.

"Abee."